Nyumba za mawe na nyaya zilizochoka

Mhariri,

Mimi ni fundi wa umeme hapa Langoni, Lamu. Tangu mji wetu uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba nyingi za kale zimepakwa chokaa upya na kuezekwa makuti kwa ajili ya wageni. Nyaya za ndani, mara nyingi, ni zile zile.

Zilitandazwa kwa ajili ya taa na redio. Leo zabeba friji, pasi na pampu ya maji. Waya ukizidiwa hupata moto, ganda lake likakauka na kupasuka, nao umepita juu ya boriti kavu! Fyuzi ingekata, lakini nikifungua sanduku nakuta imefungwa kipande cha waya mnene wa shaba. Hiyo si fyuzi tena. Chumvi ya bahari nayo hula viungo vya soketi. Plagi ikibadilika rangi, acheni kuitumia.

Wenye nyumba, kabla ya kugharamia mlango wa nakshi, wekeni erthi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, na swichi ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Nao wanaotoa vibali vya ukarabati, wakishakagua chokaa, wakague na nyaya.

Fundi wa umeme,
Langoni, Lamu