Kwako dada wa zamu ya usiku

Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Mimi ndiye kijana mwenye lile shirika dogo la kuchapisha riwaya; ile uliyokuwa ukiipanga pale kiwanda cha uchapaji ilikuwa riwaya yetu ya kwanza.

Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kisha mafungu hupangwa na kutiwa gundi. Kazi yako ilikuwa kupanga tu. Lakini wewe ulisoma! Ukashangaa mama aliyezikwa ukurasa wa 96 anafungua mlango ukurasa unaofuata. Ukatazama namba: baada ya 96 ilikuja 81 tena. Fungu moja limerudiwa, jingine halipo.

Ukasimamisha kazi, ukanipigia simu usiku ule ule. Usingefanya hivyo, gundi ingeshakauka, basi tena. Akiba yangu yote ilikuwa mle. Na mwandishi wetu, aliyeingoja siku hiyo miaka sita, ningemwambia nini?

Asante sana, dada yangu. Nakala yako ninayo, mwandishi ameitia sahihi. Nitaileta mwenyewe, kwenye zamu yako.