Kwa Mwenzangu wa Sauti ya Nne

Durban,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa, Baba Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi ni mzima. Unisamehe kwa ukimya wa miezi minne, lakini barua yako imenishtua: kweli unataka kuacha kwaya kwa sababu kinanda kipya kimemeza besi, sauti yetu ya nne, nanyi watatu mliobaki hamsikiki tena?

Nakusihi usiache. Jana usiku nilikwenda kwenye mashindano ya isicathamiya, uimbaji wa kwaya za wanaume wa Kizulu bila ala, hapa mjini, nikarudi kumekucha. Hapakuwa na kinanda wala ngoma. Wanaume waliingia kwa mstari, suti za rangi moja na glovu nyeupe, na kwa kuwa nilikaa mbele kabisa niliona ncha za viatu vyao zikiinuliwa juu, kisha zikitua polepole bila sakafu kutoa mlio wowote. Kwa Kizulu neno isicathamiya limetokana na kunyata, na inasimuliwa kuwa wafanyakazi wa migodini, waliolala mabwenini mbali na wake zao, walicheza hivyo ili wasiwashtue walinzi. Kisha besi zikaanza. Nilizisikia kwenye mbao za benchi kabla hazijanifikia masikioni, nikakukumbuka wewe.

Unalijua kundi la Ladysmith Black Mambazo, ambalo mwanzilishi wake, marehemu Joseph Shabalala, aliliita kwa jina la mji wao, Ladysmith, kwa maksai weusi (Black) wenye nguvu kuliko wote shambani, na kwa shoka (Mambazo kwa Kizulu), maana waliwafyeka wapinzani wao wote mashindanoni. Wamepata tuzo tano za muziki za Grammy, na mwaka 1993 waliimba Oslo Mandela alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Sasa hesabu sauti zao: kiongozi mmoja, alto mmoja, tenor mmoja au wawili, na waliobaki wote ni besi. Wote, ndugu yangu! Sauti unayotaka kuinyamazisha ndiyo waliyoifanya msingi wa nyumba.

Je, umezungumza na Mwalimu wa kwaya, au umenung'unika nyumbani tu? Mzee wetu wa Kihonda bado ana pumzi ya kuimba? Hamwezi kuomba wimbo mmoja tu wa Pasaka, kinanda kikiwa kimezimwa? Na nikija Machi, utanipa nafasi nisimame kando yako?

Nijibu upesi.

Ni mimi mwenzako wa sauti ya nne.