Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ushirikiano na Vyama vya Nje

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitutuma tutafute ushirikiano na vyama vya saikolojia vya nje. Kazi hiyo imetuweka nyumbani kuliko ng'ambo, na sababu ninaieleza.

Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Saikolojia, ulioanzishwa Stockholm mwaka 1951, hupokea mwanachama mmoja tu kwa kila nchi. Anaweza kuwa chama, shirikisho la vyama au hata akademia ya sayansi, lakini kiti ni kimoja. Hapa kwetu wanasaikolojia tiba wana meza yao, washauri nasaha wana yao, na wahadhiri hukutana kivyao. Ndiyo maana kamati tendaji ilianza mazungumzo ya kuunda shirikisho. Jina, nembo na nani atangulie nani vimekula vikao vyote. Ajenda ya maadili, niliyoihofia zaidi, ilipita bila kelele.

Ilipita kwa kuwa tulikuwa na pa kuanzia. Mwaka 2008, mjini Berlin, Umoja huo uliridhia azimio la maadili kwa wanasaikolojia wa dunia nzima. Lina kanuni nne: kuheshimu utu wa watu na jamii zao, kujali ustawi wao kwa ustadi, uadilifu, na wajibu wa taaluma kwa jamii. Haliadhibu mtu, wala halisemi ufanye nini mteja anapoingia na shangazi yake na kutaka shangazi asikie kila neno. Hayo limeviachia vyama vya kila nchi, na kwa maoni yangu limefanya vyema. Faragha ya Geneva si faragha ya Tandahimba.

Kuhusu safari nitasema machache. Kongamano la kimataifa la saikolojia lilianza Paris mwaka 1889, likakanyaga Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2012, Cape Town. Lijalo ni Melbourne, 2028. Mweka hazina amenisihi nisiahidi tiketi, nami siahidi.

Ningependa fedha kidogo tulizonazo ziende karibu zaidi. Zimbabwe wana Benchi la Urafiki: bibi wa mtaa aliyefunzwa huketi na mgonjwa nje ya kituo cha afya, wakatafuta ufumbuzi wa tatizo moja moja. Utafiti uliofanyika katika zahanati za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za matatizo ya akili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwanzilishi wake, Dixon Chibanda, ni daktari wa akili, si mwanasaikolojia, jambo linalotuuma kidogo. Mpango huo umeshafika Zanzibar, kwa hiyo kujifunza kwake hakuhitaji viza.

Rasimu ya katiba ya shirikisho mmeshagawiwa. Ubishi utakuwa kwenye kifungu cha haki ya kura. Tafadhali kisomeni kabla ya kuingia ukumbini.