Kwa rafiki aliyekabidhiwa timu

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi, na hongera. Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu. Mara ya pili ndipo nikaiona ile sentensi uliyoichomeka mwishoni, kwamba mko saba, toleo jipya la programu yenu limeshachelewa, na wakubwa wameahidi kukuongezea wanne ili mambo yaende mbio. Nianzie hapo.

Usiwapokee. Huenda ni watu wazuri sana, ila kwa sasa watakuzamisha. Piga hesabu mwenyewe: watu saba wakizungumza wawili wawili wana njia 21 za kupashana habari, wakifika kumi na mmoja zinakuwa 55. Isitoshe, kila mgeni atahitaji wa kumwonyesha nini kiko wapi, na huyo wa kumwonyesha ni yule yule unayemtegemea amalize kazi. Fred Brooks aliyaona haya kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM miaka ya 1960 alipoongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta zao, na mwaka 1975 akaandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Mpaka leo wakubwa wanagawa watu kama zawadi! Wewe omba kitu kingine: ruhusa ya kupunguza yaliyomo kwenye toleo. Nenda na orodha mkononi, waonyeshe kipi kinabaki na kipi kinasubiri. Mkubwa akipewa karatasi ya kukata kwa kalamu huwa mwepesi kuliko akiletewa malalamiko.

Sasa lile ulilouliza hasa: utawaongozaje wahandisi ambao kikazi hawako chini yako. Nikusimulie nilivyoharibu mimi.

Nilipopewa timu yangu ya kwanza niliamini meneja wa bidhaa, yaani yule anayeamua programu ifanye nini, ni mtu mwenye majibu. Tulikuwa tunatengeneza programu ya watunza ghala. Nikajifungia siku nne, nikatoka na ukurasa wa ripoti wenye chati saba, kila moja nimeichora mwenyewe mpaka rangi. Timu ikazijenga, tena kwa wakati, tukapongezana. Baada ya mwezi nikaangalia kumbukumbu za matumizi: watu walikuwa wanafungua ukurasa ule, wanapakua namba zake, wanaondoka. Chati hakuna aliyezigusa.

Tulikuwa na mjaribu wa programu, mtu mkimya, ambaye kabla ya kazi hizi aliwahi kuwa mtunza ghala. Ndiye aliyenieleza, kwa upole kabisa, kwamba mtunza ghala hana haja na chati. Anataka orodha ya kuchapisha, ambayo anayetoka zamu na anayeingia wote wanaitia sahihi, ili kesho mali ikipungua ijulikane ilipungua mikononi mwa nani. Haya aliyajua tangu siku ya kwanza.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuja nayo imeshachorwa."

Jibu lile linaniuma hadi leo. Hakuwa na kiburi wala hakuwa ananisuta. Aliona tu kwamba mlango umefungwa, naye si mtu wa kugonga.

Baada ya hapo niliacha kuwapelekea michoro, nikawapelekea tatizo. Niliandika hivi: watu wakikabidhiana zamu hesabu hazilingani, wanahesabu ghala zima upya, wanachelewa kutoka, tupunguze zamu zinazohesabiwa mara mbili. Basi. Wiki mbili hazikuisha wakawa na ukurasa mmoja wa kuchapisha, wenye nafasi mbili za sahihi, na vitu vimepangwa kwa kufuata rafu badala ya alfabeti. Wazo la rafu lilitoka kwa mhandisi wa hifadhidata, mtu ambaye mimi nisingefikiria kumuuliza jambo lolote la sura ya ukurasa. Zile chati tuliziondoa baadaye, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi.

Lakini kumpa mtu tatizo si kumtelekeza nalo. Ni wewe wa kuamua tatizo lipi linatangulia, na hapo ndipo utachukiwa, maana kila idara itakuja na lake. Ni wewe pia wa kusema tutajuaje kwamba limepungua. Kipimo changu ni hiki: kama siwezi kulieleza tatizo bila kutaja kitufe au skrini, sijalielewa bado, na sina sababu ya kuita kikao.

Jambo la pili, wapeleke wahandisi wakawaone watumiaji kwa macho yao. Usiwapelekee ripoti yako, wapeleke wenyewe. Sharti moja tu: wakifika, midomo wafunge. Kuna mmoja wetu alikuwa hodari kweli, lakini kila hitilafu aliyopelekewa aliiita kosa la mtumiaji. Siku moja akakaa nyuma ya mama mmoja ghalani. Mama akavua glavu ya kulia kwa meno, akabonyeza "Hifadhi". Skrini kimya. Akasubiri kidogo, akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, akavaa glavu yake akaenda zake. Kwenye hesabu zikaingia katoni zile zile mara tatu. Mhandisi wangu alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga. Hitilafu ile ilikuwa imelala kwenye orodha yetu miezi minne, chini kabisa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kikao, ilikuwa imekwisha: kitufe kinazimika ukikibonyeza, na maandishi "Imehifadhiwa" yanatokea makubwa. Mimi nilikuwa nimemwandikia kuhusu jambo hilo mara tatu. Wala huhitaji umati wa watumiaji. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, amekuwa akitetea tangu mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kwa raundi moja ya majaribio. Wapo wanaombishia, ila kwangu hao watano wameleta kazi ya kutosha kila mara.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni habari mbaya. Amy Edmondson, mtafiti wa kazi za timu, katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri pamoja zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na mengi. Alipochimba zaidi ikaonekana kwamba pengine hazikuwa zikikosea kuliko nyingine, zilikuwa zinayasema. Kwa hiyo mwezi wako wa kwanza orodha ya hitilafu ikirefuka, tulia kwanza, huenda ndiyo dalili njema ya kwanza utakayoiona. Mimi niliwahi kuuliza mbele ya watu wote, "Nani kafanya hivi?" Maneno matatu tu. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila kikao kilikuwa "mambo yanaenda vizuri", mpaka siku ya kutoa toleo tulipogundua hayakuwa yanaenda kokote. Siku hizi nauliza imetokeaje, na nikiwa nimekasirika siulizi kitu mpaka baadaye. Na kwenye vikao jitahidi uwe wa mwisho kusema. Kama huwezi (nakujua), waombe kila mmoja aandike maoni yake kabla mazungumzo hayajaanza.

Yule mhandisi wako uliyeniandikia kwamba anawadhalilisha wenzake, ongea naye wiki hii, faraghani, ukiwa na mifano miwili au mitatu: alisema nini, kwa nani, na baada ya hapo nani aliacha kuchangia. Usimpe hotuba ya tabia. Mtu akiwa hodari tunamvumilia mpaka wengine wanaanza kuondoka, tena wanaanza wale wenye pa kwenda.

Kuhusu zana ya kufuatilia kazi, chagua yoyote ile. Watu hubishania zana kwa sababu ni rahisi kuliko kubishania nini tuache kufanya.

Sijagusa mambo ya mbunifu wako mpya kwa sababu simjui, ila hakikisha anaingia wakati tatizo linajadiliwa, asije kuitwa mwishoni kupaka rangi.

Jambo moja zaidi. Katika wale saba ulioniorodheshea, nimehesabu wahandisi watano, mbunifu, na wewe. Mjaribu sikumwona. Wakubwa wakikulazimisha kabisa kuchukua watu, chukua mmoja, na awe yeye. Muulize kwanza alifanya kazi gani kabla ya hii.

Nipigie ukitoka kwenye kikao chao, hata ikiwa usiku.

Ni mimi rafiki yako