Pwani ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kushika kalamu. Habari yenu ya upandaji mikoko hapa Pemba, ile yenye picha ya wageni waliosimama topeni na miche mikononi, imenitoa kimyani kwa maneno mawili tu: mliandika kwamba wanakijiji "walipewa elimu".

Elimu ipi? Mama anayeshuka pwani kutafuta kombe na chaza anajua kwamba miti ya mikoko ina aina na safu zake: mlilana husimama mbele kabisa, kwenye maji. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, kisha msinzi, kisha mkandaa palipokaza, na mchu kule juu kwenye mchanga na chumvi. Hakuna aliyemwandikia. Huo ndio mpango wa pwani, na anayeuvunja hupanda kuni.

Itazameni tena picha yenu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa mno mnamo saa nne asubuhi, wakati unaowafaa sana wageni na wapiga picha. Kina cha maji siku hizo hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo tope hutokeza mbali, na mtu asiyejua huliona shamba kubwa tupu linalosubiri miche. Si tupu. Tope lile huonekana saa chache, siku chache katika kila nusu mwezi. Yakifika maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, halikauki kabisa. Mche wa mkoko ukikaa chini ya maji mchana na usiku mizizi yake hukosa hewa, makombe madogo hunata kwenye shina changa mpaka linalala, na majani ya bahari yanayokokotwa na mkondo hulizonga na kuling'oa. Kisha mahali penyewe ndipo kina mama wanapookota kombe na kuchokoa pweza, na sasa wanaambiwa wasipakanyage, ni eneo la mradi! Kwenye hori moja, mkono mwembamba wa bahari, ya upande wetu wa magharibi ndivyo ilivyokuwa. Wazee wawili walisema siku ile ile kwamba miche imeshushwa mno, ipandishwe juu ya mstari wa mlilana. Walijibiwa kuwa ramani imeshapitishwa. Hadi kusi inaisha vilibaki viriba vya plastiki.

Mkoko hauhitaji hata kiriba. Mbegu yake ndefu huchumwa inapotoka pete ya manjano chini ya tunda, au huokotwa ikishadondoka yenyewe. Ile yenye tundu la mdudu hutupwa. Huchomekwa theluthi ya urefu wake, ncha ya chipukizi juu (nimeona safu nzima zilizochomekwa kichwa chini), kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5. Mchu ndio wa kuoteshwa kitaluni kwanza, kwa kuwa mbegu yake ni ndogo na hubebwa na maji. Na mara nyingi hakuna haja ya kupanda kitu. Palipozibwa mkondo, uzibueni, mbegu zitakuja na maji zenyewe.

Hapo ndipo nataka kuyagusa na matuta ya kuzuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mabonde ya mpunga. Tuta linapokatishwa juu ya mkondo wa zamani bila kalvati, maji ya mvua hayatoki, chumvi iliyokwishaingia haisafishwi, mpunga unaungua ncha na mikoko iliyobaki ndani inakufa. Dawa ni mlango wa ubao unaofunguka kuelekea baharini: maji yakijaa yanaubana, yakipwa maji ya mvua yanausukuma. Mkondo wa zamani ulipopita, kila mkulima wa bonde anapajua. Aulizwe basi.

Wapo watakaosema sisi si "wenyeji asilia", kwa hiyo haya hayatuhusu. Mkataba wa Paris wa 2015, kifungu cha 7, unataka hatua za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ziongozwe na sayansi pamoja na maarifa ya jadi, ya wenyeji asilia na ya jamii za mahali. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za wenyeji asilia linadai ridhaa ya hiari, inayotolewa mapema na watu walioelezwa kila kitu. Kwetu ridhaa imegeuka karatasi ya mahudhurio: mtu anatia saini apate nauli, kesho saini hiyo hiyo inaonyeshwa kuwa shehia imekubali.

Na fedha? Huko Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2021, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa wenyeji asilia na jamii za mahali. Taarifa yao wenyewe ilionyesha kuwa asilimia 7 tu ya zilizotolewa mwaka huo zilifika moja kwa moja kwenye jumuiya hizo. Wahadzabe wa Yaeda Chini, Tanzania Bara, walipata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011, na juu ya hati hizo wakauza hewa ukaa ya misitu yao, yaani wakalipwa kwa kuilinda misitu inayoihifadhi hewa hiyo. Sheria iliyowapa hati haifiki Zanzibar. Hapa ardhi ni mali ya umma chini ya Rais kwa sheria ya 1992, na sheria ya misitu namba 10 ya 1996 inaruhusu jamii kutia saini mkataba wa kusimamia na kutumia msitu. Mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili), ulioanza 2010, ulisaidia shehia nyingi kupata mikataba hiyo. Lakini mkataba haugeuzi ardhi kuwa ya kijiji. Anayekuja kununua hewa ukaa ya mikoko yetu atakaa meza moja na nani?

Ninachotaka ni hiki. Kabla ya mche wa kwanza, wataalamu wakae kijijini siku 15, waone bamvua na maji mafu, na vigingi vya mpaka vipigwe na kina mama wa pwani kwa ujira. Mkataba usomwe kwa Kiswahili barazani, pamoja na kifungu cha nani anamiliki hewa ukaa, na nakala ibaki kwa sheha. Theluthi ya malipo izuiwe miezi 24, itolewe kwa hesabu ya miche iliyo hai. Na mpiga picha wenu arudi siku hiyo, saa nne asubuhi, pale pale aliposimama.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba