Kiu ya taarifa, au kiu ya picha?

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile ripoti yenu kwamba wanafunzi wa biashara siku hizi wana "kiu ya taarifa za uchumi wa dunia" imenishinda kuinyamazia. Kiu ipi?

Mimi ni mhasibu, na kila mwaka tunaletewa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wa mwisho nilimkabidhi ripoti ya mwaka ya kampuni ya ng'ambo iliyotaka tuiuzie mali kwa mkopo, kurasa 140, aniambie kama ni watu wa kuaminika. Dakika 20 hazijaisha, huyu hapa: "Wako vizuri, bosi. Wana matawi nchi 11." Umeyaona wapi? Kwenye barua ya mwenyekiti, ukurasa wenye picha yake akichekelea. Nikafunua huko nyuma, kwenye taarifa ya mkaguzi, nikaweka kidole: mkaguzi ana shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Kijana akasoma, midomo ikimchezacheza, kisha akasema, "Lakini mtandaoni wanasifiwa sana." Kusifiwa! Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, nayo ilisifiwa hadi karibu na kufilisika kwake Desemba 2001, na miamala yake na makampuni ya afisa wake mwandamizi ilikuwamo kwenye maelezo ya hesabu za mwaka 2000, kwa lugha ya kuzungukazunguka, bila kumtaja jina, ikimsubiri mwenye subira ya kufika huko. Meli ya makontena ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez siku 6, Machi 2021, mwenzake mmoja alinionyesha kila kichekesho cha lile katapila dogo lililokuwa likichimba kuinasua. Nilipomuuliza kwa mkataba wetu hasara ya kuchelewa inambebesha nani, alidhani namtania.

Nanyi msijitoe. Ukurasa wenu wa biashara umebanwa nyuma ya michezo, viwango vya kubadilisha fedha vimeandikwa kwa herufi za karatasi ya dawa, na habari za makampuni mnazinakili kutoka kwao hadi mnasahau kufuta "tunajivunia".

Pendekezo langu: kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi afungiwe chumbani na ripoti moja ya mwaka iliyochanwa kurasa zote zenye picha, penseli moja, simu ibaki nje. Atoke akishaonyesha madeni yamejificha wapi. Mwandishi wenu wa ile ripoti naye atengewe dawati la mbele.

Mhasibu asiye na kiu