Mwanza hadi Bukoba si safari ya dakika 12

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe masahihisho kuhusu jedwali la safari za anga za Kanda ya Ziwa mlilolichapisha hivi karibuni, ambamo wasomaji tulielezwa kwamba ndege huchukua dakika 12 kutoka Mwanza hadi Bukoba.

Umbali wenyewe sina ugomvi nao. Kutoka kiwanja cha Mwanza, kilichoko Ilemela, hadi kile cha Bukoba ni takriban kilomita 175 kwa mstari mnyoofu, na sehemu kubwa yake ni maji ya Ziwa Victoria. Ndiyo maana abiria wa basi anayezunguka kupitia Geita na Biharamulo, ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limemwondolea foleni ya kivuko, bado husafiri zaidi ya mara mbili ya masafa hayo. Kasoro imo katika hesabu iliyofuata. Dakika 12 hupatikana tu ukigawanya kilomita hizo kwa kasi ya 850 hivi kwa saa, ambayo ni kasi ya jeti kubwa ikiwa imeshatulia angani, ilhali Bukoba, ambako njia ya kurukia ni fupi, huhudumiwa na ndege za pangaboi zenye kasi ya kati ya kilomita 500 na 650. Hata hizo haziruki kwa kasi hiyo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu katika safari fupi namna hii ndege humaliza kupanda na muda si mrefu huanza kushuka. Muda unaoandikwa kwenye tiketi, ambao kwa kawaida hukaribia robo tatu ya saa, huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, na huo ndio unaomfaa msomaji anayepanga safari.

Wapo watakaosema nusu saa si jambo la kuandikia barua. Mimi naona ni jambo, kwa kuwa abiria aliyeaminishwa dakika 12 huanza kunung'unika pale rubani anapozunguka juu ya ziwa akisubiri mawingu yapungue, au anapoamua kurejea Mwanza, na sisi wa Kagera hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipotumbukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakapoteza maisha.

Naomba basi jedwali lijalo lioneshe muda wa ratiba, na lieleze wazi kwamba umbali ni wa mstari mnyoofu. Mkichukua takwimu za marubani, kumbukeni pia kwamba maili zao ni za baharini, kilomita 1.852 kila moja: Mwanza hadi Bukoba ni maili 94 kwao, na anayezigeuza kwa kipimo cha maili za barabarani atapunguza safari kwa zaidi ya kilomita 20.

Msomaji wako,
Muleba, Kagera